Kinyama Juu ya Mstari

Masasi,
12 Agosti 2024

Dada yangu mpendwa, Mama Glory,

Shikamoo. Ninaomba, kabla hujaendelea, umfikishie Mama shikamoo yake, kwa kuwa najua ameketi karibu yako mkekani na anasubiri kusikia ametajwa kwanza. Wakati wa Pasaka alinieleza wazi kwamba maneno ya simu yakiisha yameisha, lakini barua anaweza kuagiza asomewe tena kesho yake. Kwa hiyo nimeamua kutii na kuandika. Mimi ni mzima. Nimepanga chumba karibu na stendi. Ni kidogo lakini kina bomba la maji uani, jambo ambalo ninyi wa Kitangari mtaliona kuwa anasa. Naamini Glory anaendelea vema na kidato cha pili, na kwamba upuliziaji wa salfa kwenye mikorosho umekwisha bila kuwaachia kikohozi.

Sasa niruhusu niingie katika jambo lenyewe. Kama mnavyofahamu, tangu mwezi Mei nimeajiriwa katika kliniki binafsi ya ngozi ya Dkt. Cuthbert, bingwa ambaye angeweza kubaki Dar es Salaam lakini akachagua kuja huku kwetu. Mwezi uliopita kliniki ilipokea mashine ya leza. Nitajitahidi kuieleza kwa namna ambayo Mama ataifuata. Mashine hii hutoa mwanga mwembamba kama ncha ya sindano, wenye joto kali, unaoyeyusha nyama iliyozidi juu ya ngozi tabaka baada ya tabaka, bila kisu na bila uzi. Chunjua, vinyama vinavyoning'inia shingoni, vigwaru, vile vivimbe vikavu vya utu uzima: vyote hivyo, maadamu si saratani, huondolewa mgonjwa akiwa macho na akizungumza, na jioni yake anakula ugali nyumbani kwake.

Nadhani mmekwisha kuona ninakoelekea. Kile kinyama kilicho chini ya jicho la kushoto la Mama kilikuwa kama punje ya mtama nilipokuwa darasa la kwanza. Pasaka hii nilikiona kimekuwa kama mbaazi, kina kikonyo, na kinamzuia kuona vizuri anapoinama. Mwenyewe alisema mbele yetu sote, "Huyu mgeni atahama lini?" Dada, mgeni sasa anaweza kuhamishwa.

Jumamosi ya tarehe 9 Novemba tutazindua rasmi chumba cha leza mbele ya wageni waalikwa. Dkt. Cuthbert ametuagiza sisi madaktari vijana wawili, mimi na mwenzangu Erasto, kila mmoja apendekeze mgonjwa wa kwanza, na mmoja wetu atakabidhiwa usimamizi wa chumba hicho. Nimempendekeza Mama. Sisemi hili ili kuwashinikiza. Nasema ili mfahamu kwamba sijawahi kukaribia nafasi ya namna hii tangu nilipomaliza chuo.

Nasubiri jibu lenu kwa shauku kubwa.

Mdogo wako mtiifu,
Felix


Kitangari,
30 Agosti 2024

Mdogo wangu Felix,

Marahaba. Mama naye ameitikia, halafu akanirudisha nyuma nisome tena pale alipotajwa. Huku wote tunapumua. Kisima cha karibu kimekauka, tunateremka bondeni kama kila mwaka, na Glory amekuwa bingwa wa kulalamika njia nzima. Mikorosho imetoa maua mengi. Tunaomba tu ukungu usije ukayachoma.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya Mama na ya pili kwa ajili yangu nielewe. Siku hizi unaandika kama unahutubia bunge, lakini tumefurahi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanga unaoyeyusha nyama? Basi jua la hapa lingekuwa limekwishanimaliza." Akacheka sana na jirani. Usiku akaacha kucheka. Asubuhi akaniita nichukue kalamu.

Anasema kinyama amekichoka. Kikiguswa na maji ya kunawa kinatoa damu. Angependa kiondoke hata leo. Lakini wewe unajua kilipokaa. Kimekalia mstari wa juu wa nembo zake, zile chale za usoni, ule unaoanzia sikioni ukakata shavu. Nembo hizo alichanjwa na bibi yetu mzaa mama kwa mkono wake mwenyewe, akazisugua masizi, na Mama anasema hakulia, ila dada zake walilia kwa niaba yake. Ndizo pekee zilizobaki za mkono wa bibi, maana vyungu vyake vyote vimevunjika. Sasa swali lake ni hili, na ameniambia niliandike kama lilivyo:

"Huo mwanga unajua kinyama ni kipi na mstari ni upi?"

Anataka jibu la swali hilo kwanza. Mengine baadaye.

Ni mimi dada yako,
Veridiana


Masasi,
15 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa, Mama Glory,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama. Barua yako ililetwa na Ashiru, yule dereva wa lori la korosho, pamoja na mihogo mikavu ambayo nimeipokea kwa moyo wote. Nimefarijika kusikia maua ni mengi. Hapa joto limeanza na maandalizi ya uzinduzi yamepamba moto: mahema yamekodishwa, kadi za mwaliko zimechapwa, na shughuli nyingine zimekwisha kufanyika ambazo si lazima nizieleze kwa urefu.

Kuhusu swali la Mama, naomba umhakikishie kwamba teknolojia hii ni ya kisasa kabisa na matokeo yake hupendeza macho. Ngozi hubaki nyororo. Iwapo mstari utafifia kidogo pale kinyama kilipokaa, hakutakuwa na madhara yoyote ya kiafya. Tukumbuke pia, dada, kwamba nembo ni alama za enzi zilizopita. Hapa mjini vijana hawazijui na wageni huuliza maswali yasiyo na staha. Sisemi kwamba Mama azionee aibu. Nasema tu kwamba mtu akipata nafasi ya kuonekana vizuri zaidi, hakuna sababu ya kuikataa.

Dkt. Cuthbert ameniuliza kama mgonjwa wangu amekubali. Nimemjibu kwamba amekubali. Kwa hiyo ningeshukuru kupata uthibitisho wenu mapema iwezekanavyo, ili jina lake liingizwe kwenye ratiba.

Wako mtiifu,
Felix


Kitangari,
20 Oktoba 2024

Felix,

Marahaba. Tu wazima.

Mama hayupo. Amekwenda Chiwata kwa Mama mdogo Getrude kumsaidia kuokota korosho. Siku ya kurudi hakuisema. Simu yangu ina tatizo la betri, usihangaike kupiga.

Mtafute mgonjwa mwingine wa hiyo sherehe.

Veridiana


Masasi,
27 Oktoba 2024

Dada Veridiana,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za mikorosho.

Simu yako inaita. Simu yenye betri mbovu haiiti, dada. Hukatika au haipatikani kabisa. Inaita mpaka inachoka yenyewe, asubuhi na jioni, nami nasimama kwenye korido ya kliniki nimeishika sikioni huku wagonjwa wakinitazama.

Ijumaa nilikutana na Mama mdogo Getrude hapa Masasi, sokoni, akichagua ndoo. Nilimwamkia, nikamuuliza Mama anaendeleaje na kazi ya kuokota korosho. Akanishangaa.

"Korosho za nani?"

"Zako, Mama mdogo. Si yuko kwako?"

"Kwangu wapi? Dada yangu sijamwona tangu Pasaka. Nani kakwambia yuko kwangu?"

Nikasema labda nimesikia vibaya. Akanitazama kwa namna ambayo mtu humtazama mtoto anayedai hajala. "Felix," akasema, "nyumbani kwenu kuna nini?" Akaondoka na ndoo yake, na baadaye akanipigia kuniuliza tena.

Ninyi ni watu wawili tu nilionao. Nimekwisha kufikiria kila jambo baya ambalo daktari anaweza kulifikiria, na daktari anajua mengi ya kufikiria. Mimi hapa siwezi kukaa, siwezi kula nikamaliza sahani. Naanza kumwandikia mgonjwa dawa nasahau nilitaka kuandika nini. Niambie Mama yuko wapi na ana nini. Kama amefariki niambie. Kama amekataa niambie. Sherehe ni baada ya siku chache na ratiba bado ina jina lake, lakini sasa siulizi kwa ajili ya ratiba.

Felix


Kitangari,
2 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Mama yuko hai. Yuko hapa ndani, na ndiye aliyenikataza kukuambia. Leo nimemwasi, kwa sababu Getrude naye amepiga simu akilia, na mimi siwezi kuwadanganya watu wawili kwa wakati mmoja.

Mwanzoni mwa Oktoba Ashiru alikuja kupakia magunia ghalani, akapita nyumbani kusalimia. Tulikuwa uani tunabangua korosho za kula. Akaanza kwa kelele zake:

"Mama Veridiana, hongera! Ninyi sasa si wenzetu. Nimekuona Masasi pale njia panda, mkubwa kama ukuta wa kanisa."

Mama akacheka. "Mimi sijashuka Masasi tangu mwaka juzi."

"Siyo wewe wa miguu. Wewe wa picha, kwenye bango la kliniki ya Felix. Tena mko wawili. Mmoja ana kinyama chake chini ya jicho, mwingine hana."

Mama akaacha kubangua. "Na mistari?"

Ashiru akafikiri kidogo. "Yule wa kwanza anayo. Wa pili hana. Wa pili uso umekuwa laini kama mwanamke wa kwenye karatasi ya sabuni."

Mama akakung'uta maganda mapajani. Akamkaribisha Ashiru uji, akamuuliza habari za watoto wake mmoja mmoja, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akaniambia, "Basi nimejua jibu la swali langu."

Kesho yake nilikwenda na Glory kuteka maji. Tuliporudi tulimkuta amelala na kanga usoni. Alikuwa amechukua maganda mabichi ya korosho, akayaminya yale mafuta meusi, akayapaka kwenye kinyama kwa kijiti. Unayajua mafuta hayo. Watoto wote wa huku tumechomea chunjua za vidole, na wewe mwenyewe ulichomea goti ukaruka uwanja mzima. Alitaka kinyama kianguke chenyewe ili mashine yako ikose kazi. Lakini chini ya jicho si kidole, Felix. Mafuta yalitiririka. Asubuhi jicho lilikuwa limefumba, shavu limevimba mpaka taya, na ngozi imetoka malengelenge.

Zahanati walimsafisha, wakampa dawa ya kupaka na vidonge. Uvimbe umeshuka, na jicho linaona, nimelipima kwa kumwonesha vidole. Kinyama hakikuanguka. Kimekuwa cheusi kama mkaa na kinatoa majimaji. Na pale kando yake mstari umebanduka pamoja na ngozi.

Nikamwambia twende Masasi kwa Felix. Akasema:

"Nipite chini ya bango lile? Yule wa pili si mimi. Siwezi kwenda kutibiwa mahali ambapo yule amekwisha kunitangulia."

Hashuki mpaka picha ile itoke barabarani. Nimembembeleza, mchungaji amembembeleza. Hashuki.

Sasa nikuulize mimi, maana yeye hatauliza. Picha uliipiga lini? Na nani alimfuta mistari?

Veridiana


Masasi,
5 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mama asipake kitu kingine chochote. Asafishe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, afunike kwa kitambaa nilichokituma, na jicho likianza kuuma au kuona ukungu asisubiri mtu, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Picha niliipiga Pasaka, alipokuwa akichambua mbaazi mlangoni. Nilimwambia ni ya ukumbusho, akakaa vizuri akatengeneza kanga. Ile ya pili imetengenezwa na fundi wa mabango kwa kompyuta. Alikitoa kinyama, na alipoona mistari akadhani nayo ni ugonjwa, akaitoa. Kabla ya kuchapa alinitumia nikague. Niliona mistari haipo, dada. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu, nikaona Mama anafanana na mama wa daktari, nikamjibu fundi kwamba ni nzuri sana.

Nimeandika sentensi hiyo mara kadhaa nikitafuta namna bora ya kuisema. Haipo.

Barua yako niliipata jana mchana. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Dkt. Cuthbert nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza kama amekubali," akasema.

"Nilijibu ndiyo."

"Na hakuwa amekubali."

"Alikuwa ameuliza swali, Daktari. Sikulijibu."

Akavua miwani. "Erasto ana mgonjwa wake tayari. Jumamosi atasimama Erasto, na chumba atakichukua Erasto. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Daktari."

"Mama yako aletwe hata leo. Lakini kitu kilichoungua na mafuta ya korosho, kikawa cheusi, kinavuja, sikigusi kwa leza hata wageni wangu wote wakiwa wamekaa. Leza huteketeza nyama yote, haibaki ya kupima. Kwanza tunakata kipande, kinakwenda maabara, tunajua ni nini. Hilo ulifundishwa chuoni."

Nilifundishwa. Nilipata hata alama nzuri.

Nikaazima ngazi, nikapanda mwenyewe njia panda nikalishusha bango. Vijana wa bodaboda walikusanyika chini. "Daktari, mbona unamteremsha bibi? Hajalipa?" mmoja akauliza, wengine wakacheka. Nimelikunja nimelitia kwenye gunia, na Ashiru anawaletea pamoja na barua hii. Nilifikiri kulichoma, kisha nikaona si langu. Mama aamue.

Mwambieni njia iko wazi. Ningekuja kumchukua mimi, lakini naogopa akiniona atasema hapana.

Felix


Kitangari,
8 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Bango limefika. Mama ameagiza litandazwe uani, akalizunguka, akamtazama yule wa kwanza, akamtazama yule wa pili. Glory akataka kusema kitu nikamfinya. Mwishowe Mama akaligusa kwa mguu, akasema, "Turubai zuri hili." Sasa limelazwa picha zikitazama chini, na korosho zimeanikwa juu yake.

Anakuja kesho na Ashiru. Ndiyo, ni ile Jumamosi yako. Siku kaichagua mwenyewe, sikuthubutu kumuuliza. Mimi nabaki na mavuno.

Mpokee.

Veridiana


Masasi,
20 Desemba 2024

Dada yangu mpendwa, Mama Glory,

Shikamoo. Barua hii anaileta Mama mwenyewe. Kwa hiyo ninaandika nikijua kwamba utamsomea yote, hata yale yanayomhusu, na kwamba atakurekebisha nitakapokosea. Natumaini mavuno yamefika ghalani salama. Hapa mvua imenyesha mara mbili. Mama alikuwa anaamka kabla ya jua kujaza kila ndoo ya mpangaji uani, akiwaambia majirani kwamba bomba ni kitu cha kukuangusha siku usiyoitegemea. Wapangaji wanaomba arudi.

Siku ile alishuka kwenye lori akiwa amejifunika kanga nusu uso. Muziki ulikuwa unalia, mahema yamejaa, na Erasto amesimama na kipaza sauti kando ya mgonjwa wake, mzee mwenye chunjua shingoni. Mama akasimama akatazama.

"Hiyo ndiyo sherehe yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Imependeza," akasema. "Twende nyumbani."

Nilifungua kitambaa usiku ule nikiwa na tochi. Kinyama kilikuwa kama kipande cha mkaa kilichobandikwa, na kuzunguka kwake ngozi mbichi ya waridi. Nilikuwa nimekwisha kuona majeraha mabaya zaidi ya hayo kwa watu wengine.

Jumatatu Dkt. Cuthbert alimchoma sindano ya ganzi, akakata kipande, kikatumwa maabara. Tukaanza kusubiri. Dada, sijui namna ya kukueleza kusubiri kule. Kazini nilikuwa nauliza mapokezi kama bahasha imekuja hata kabla mlango haujafunguliwa. Nyumbani nilikuwa nazungumza kila kitu isipokuwa hicho. Nilimweleza Mama habari za masomo ya uzamili ninayoomba, habari za vyuo vya nje, mpaka siku moja akaweka kikombe chini.

"Felix. Ni ile kansa?"

Mimi niliyewaandikia ukurasa mzima juu ya leza, nilikosa neno. Nikasema hatujui.

"Basi sema hatujui," akasema. "Mbona ni fupi."

Majibu yalikuja mwanzoni mwa Desemba. Si saratani. Ni kigwaru cha kawaida cha utu uzima, kilichoungua. Nilimsomea karatasi nzima kwa Kiswahili, akaniomba nirudie pale panaposema "si", nikarudia.

Siku ya leza nilivaa koti langu nikidhani nitasaidia upande wa vifaa. Mama alikuwa amelala kitandani tayari. Akasema, "Daktari ninaye, huyu hapa. Wewe njoo upande huu." Akanipa mkono wake. Dkt. Cuthbert akachukua kalamu ya kuchorea ngozi, na Mama akamuuliza lile swali, lilelile, kama ulivyoliandika Agosti. Naye akamjibu:

"Haujui, mama yangu. Mwanga haujui kitu. Anayejua ni anayeushika, na mimi sijui mistari yako. Kwa hiyo nitachora, wewe utaniambia."

Akachora alama ya mpaka kuzunguka kinyama, akampa kioo. Mama akatazama kwa makini. "Hapo umeingia ndani. Rudi nyuma kidogo." Akafuta, akachora upya. "Hapo sawa." Ndipo wakamfunika jicho kwa kifuniko cha chuma, tukavaa miwani, na mashine ikaanza. Kulikuwa na mlio mdogo na harufu kama ya ukucha unaoungua. Mama akanibana mkono.

Kinyama kimeondoka. Leza haikuharibu mstari hata kidogo. Lakini pale mafuta yalipopita mstari haukurudi: pana pengo jeupe, upana wa kidole, na ngozi ya pale ni tambarare. Tulipoondoa bandeji ya mwisho alishika kioo, akapitisha kidole kutoka sikioni polepole mpaka alipofika hapo.

"Hapa pamekatika."

Nikamwambia kwamba rangi inaweza kurudi kiasi baada ya miezi, lakini mchoro wenyewe hauwezi, na kwamba asiende juani bila kofia na dawa niliyomwekea. Nilikuwa bado naendelea kueleza aliposema:

"Paache. Watu wakiniuliza nitawaambia hapa ndipo alipopita mwanangu daktari."

Akacheka, akaomba chai.

Dada, tangu siku ile nayarudia maneno hayo. Natembea nayo kwenda kazini, narudi nayo. Asubuhi huwa naona amenisamehe. Mchana, Erasto anapofungua chumba kwa ufunguo wake, naona amenihukumu. Nilimchunguza kila siku aliyokaa hapa na sikuthubutu kumuuliza. Wewe umeishi naye miaka yote niliyokuwa shuleni. Niambie: alipocheka vile, alikuwa anacheka?

Mdogo wako,
Felix


Kitangari,
4 Januari 2025

Mdogo wangu Felix,

Marahaba. Mama kafika salama, na mizigo yake, na habari za Masasi ambazo amezisimulia kanisani mpaka mchungaji akachelewa kuanza. Dawa ya jua anapaka kila asubuhi. Kofia amechukua ya Glory, na akiwa shambani anafanana na kocha wa mpira.

Barua yako nimemsomea yote. Nilipofika kwenye swali lako la mwisho nilitaka kuliruka. Akajua. Akasema, "Soma." Nikasoma. Akasema nisome tena. Nikasoma tena. Kisha akaendelea kuchambua mbegu zake za kunde.

"Mama, nimjibu nini?"

"Mwambie barua imefika."

"Hilo si jibu. Mtoto halali huko."

"Najua halali. Nilikuwa namsikia akigeuka kitandani." Akapepeta mbegu, akatupa mbovu. "Mwambie palizi imeanza na mimi nimekatazwa jua la mchana. Aje ashike jembe langu. Atauliza tukiwa huko. Swali la namna hiyo simjibu mtu ambaye simwoni uso."

Nikamuuliza kama hiyo ina maana amekasirika. Akaniambia na mimi nikalime.

Basi ndivyo ilivyo. Omba ruhusa kwa daktari wako. Na uje na jembe lako kutoka mjini, la pili la hapa limevunjika mpini.

Dada yako,
Veridiana